Nusu ya Redio na Nusu ya Kalamu

Siku Redio alipoleta nyumbani habari ya kazi ya kuandika, dada yake alikuwa anatia zipu kwenye sketi ya mteja, na zipu ile ikaenda upande. Ilikuwa sketi ya kitambaa kizito cha kijivu, ya kuvaliwa ofisini, isiyovumilia mkono wa haraka. Alikuwa ameipiga bandi vizuri, pini zimelala zote vichwa upande mmoja, kisha mlango ukafunguka kwa kishindo na mdogo wake akaingia na viatu vyake vya kazini, akiruka vipande vya kitambaa vilivyotandazwa sakafuni kama mtu anayeruka madimbwi.

"Mama! Mama uko wapi? Wamenijibu!"

"Niko jikoni, mwanangu. Nani wamekujibu?"

"Kampuni! Ile ya mtandaoni, ya kuandika makala! Wamenipa jaribio. Nikifaulu wananiajiri!"

Mama akatoka na mikono yenye povu la sabuni, akamkumbatia hivyo hivyo, akamlowesha mgongo wote. "Jamani! Leo nina mwandishi ndani ya nyumba!"

Dada mtu alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Mwandishi ndani ya nyumba. Na yeye aliyekaa pale dirishani na tepu shingoni, ndani ya nyumba hiyo hiyo, alikuwa nani?

Yeye ndiye aliyeitwa Kalamu. Jina hilo alipewa na baba yao tangu akiwa darasa la nne, kwa sababu insha zake zilisomwa mbele ya shule nzima. Mdogo wake aliitwa Redio kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kuzimwa. Watu walicheka, majina yakashika, na kila mmoja akakua ndani ya jina lake. Barua ya kumwomba mwenye nyumba arekebishe paa, Kalamu. Hotuba ya mjomba kwenye harusi ya binti yake, Kalamu. Baba yao alipopatwa na kiharusi na hatimaye akafariki, wasifu uliosomwa mazikoni aliandika Kalamu, na watu wasiomjua marehemu walilia. Ndoa ilipomshinda akarudi kwa mama yake na cherehani na sanduku moja la nguo, na jina lile alirudi nalo. Mengine yote aliyaacha kule.

Sasa Redio, anayekaa dukani nyuma ya mashine ya kopi kutwa nzima akichapa barua za watu wengine, ndiye aliyekuwa mwandishi.

"Hongera," alisema Kalamu, akaanza kufumua zipu.

"Hongera kavu hiyo, Dada!"

"Nitaitia sukari jioni."

Jioni, wakiwa mezani na chai yao, hakuitia sukari. Aliuliza maswali.

"Hawa watu umewajuaje?"

"Tangazo lilipita kwenye kundi letu la simu. Mtu mmoja alilileta."

"Mtu gani?"

"Mmoja tu, Dada. Kundi lina watu wengi."

"Na wewe unajuaje kwamba si matapeli?"

Redio aliweka kikombe chini. Alikuwa na jibu tayari, lilionekana usoni kama mtoto aliyekariri shairi. "Kwanza, hawajaomba hela. Tapeli wa kweli anakuomba hela ya kujiandikisha kabla hujamaliza salamu. Hawa hata senti. Pili, wana picha ya ofisi yao, viti vya kuzunguka, maua mezani, watu wamevaa vizuri. Tatu, wanajibu kwa heshima. Wameniita mwandishi wetu mpendwa. Halafu kuna mahali nilisahau mkato kwenye barua yangu ya maombi, wakanionyesha. Mwizi ana habari gani na mkato?"

Mama alicheka. "Kweli kabisa. Mwizi hana habari na mkato."

"Kuna mtu yeyote unayemjua kwa sura aliyefanya kazi nao akalipwa?" aliuliza Kalamu.

"Kwa sura, hapana, lakini…"

"Ofisi iko mtaa gani?"

"Ni ya mtandaoni, Dada! Mtandaoni hakuna mtaa!"

"Na viti vya kuzunguka wameviweka wapi?"

Redio akamtazama mama yake, na mama yake akamtazama Kalamu, tena kwa upole, na hicho ndicho kilichouma. "Mwanangu," alisema, "acha wivu. Mdogo wako amepata, tushukuru."

Neno likawekwa mezani katikati ya vikombe. Kalamu hakuweza kulikana kwa sababu lilikuwa la kweli. Roho ilikuwa inamuuma tangu mchana, ikimkwangua kama tandu. Lakini maswali yake nayo yalikuwa ya kweli, na hakuona njia ya kuyatenganisha. Ukishaitwa mwenye wivu, hata ukisema nyumba inaungua watu watauliza kwanza kwa nini umependa moto uanzie chumbani kwa mwenzako.

Akanywa chai yake mpaka majani.

Kesho yake mchana, Mama alipokwenda kumjulia hali jirani, Kalamu alifunika cherehani kwa kitambaa chake cha maua, akachukua simu, akalitafuta lile tangazo. Redio alikuwa amelituma kwenye kundi la familia pamoja na vidole gumba vingi. Alijiambia anataka kuwachunguza tu. Alisoma ukurasa wao kutoka juu mpaka chini. Viti vya kuzunguka vilikuwepo, na maua. Mwisho kulikuwa na mahali pa kuandika jina, na vidole vyake vikaandika jina lake la shuleni, ambalo nyumbani hakuna aliyelitumia.

Kama wanamtaka Redio, alifikiri, wakiniona mimi watafanyaje?

Walimjibu kabla hajamaliza kupiga pasi pindo la sketi. Mwandishi wetu mpendwa. Jaribio lake lilikuwa makala ya kurasa mbili kuhusu kumtunza nyumbani mgonjwa wa kiharusi, kwa lugha nyepesi, kwa ajili ya familia zisizo na muuguzi. Maelekezo yalikuwa mahususi kidogo, na alipoyasoma aliinua nyusi: *Anza pale mgonjwa anapokuwa ameshakula na bado ameketi wima. Usigusie kabisa habari ya kulisha.*

Lakini hakukawia na hilo. Kiharusi! Nani angeandika hilo kumshinda yeye? Alikuwa amemgeuza baba yake kitandani kwa mikono hii hii, ubavu hadi ubavu, mto katikati ya magoti, mto mwingine mgongoni, shuka likivutwa lisibaki hata kunjo moja la kumchoma ngozi. Akaandika yote hayo. Akaandika namna ya kumwambia mgonjwa unachotaka kufanya kabla hujamgusa, hata kama hawezi kujibu, kwa sababu kusikia anasikia. Mwisho akaandika jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba mkono mzima wa baba yao ulikuwa ukitafuta pindo la nguo yake yeye na kulishika, na kwamba mtunzaji asiuondoe mkono huo kwa haraka, kwa sababu ndiyo njia pekee iliyobaki ya mgonjwa kusema usiende.

Alipomaliza macho yalikuwa yamelowa na shingo imekakamaa. Alikuwa na furaha. Akatuma.

Siku chache baadaye jibu likaja: *Kati ya waombaji wote, maandishi yako ndiyo yaliyotugusa zaidi. Tunakuandalia mkataba. Tafadhali subiri.*

Kati ya waombaji wote. Na Redio alikuwa mmoja wa hao wote! Kalamu aliusoma ujumbe huo akiwa amesimama, akausoma tena ameketi. Siku hiyo alishona akiimba. Alimpa mteja wa sketi ya kijivu kifungo cha akiba bure, akimfungia kwenye kipande cha karatasi. Na shaka zake zote juu ya kampuni ile ziliyeyuka, hakujua hata zimeelekea wapi. Watu wanaojua kusoma namna hii, alifikiri, hawawezi kuwa matapeli.

Hakumwambia mtu. Alitaka Redio ashindwe kwanza, apoe, ndipo yeye aseme taratibu, kama jambo dogo, "Ati kuna kampuni moja imenitafuta."

Redio hakushindwa. Jumamosi aliingia sebuleni akicheza, simu juu.

"Kaeni chini! Mama, kaa. Dada, zima hicho kidude chako."

"Nakanyaga kwa mguu, hakizimwi."

"Basi tuliza mguu!" Redio akasafisha koo. "Sikilizeni walichoniandikia. *Kati ya waombaji wote, maandishi yako ndiyo yaliyotugusa zaidi. Tunakuandalia mkataba. Tafadhali…*"

"Subiri," alisema Kalamu.

"Ndiyo! Tafadhali subiri! Umejuaje?"

"Nimebahatisha."

Jambo la kwanza alilohisi, na lilikuwa dogo na la aibu, ni kwamba amesalitiwa. Sentensi ile alikuwa amelala nayo kifuani. Kumbe ilikuwa ikilala na nyumba ya pili, tena chini ya paa lile lile! Hakufikiri tapeli. Alifikiri: kwa hiyo na yeye wamemsifu sawa na mimi. Nataka nisikie kaandika nini hasa.

"Tusomee hayo maandishi yenyewe," alisema.

Redio hakusubiri kubembelezwa. Alisoma kwa ile sauti yake ya kutangaza. Ilikuwa habari ya mgonjwa wa kiharusi. Redio alieleza kumketisha mgonjwa wima kabla ya kijiko cha kwanza, kidevu kikiinama kidogo; kijiko kidogo, si kikubwa; chakula kiwekwe upande wa mdomo wenye nguvu; na usimpe cha pili mpaka umeona koo limepanda na kushuka. Halafu alieleza jinsi baba yao alivyokataa uji mpaka mtu aonje kwanza mbele yake, kama mfalme anayeogopa sumu, na kwamba huo ndio uliokuwa utani wake wa mwisho uliobaki, na familia isiuondoe utani mezani hata kama wakati ni mchache.

Mama alikuwa analia na kucheka. "Ni yeye! Ni yeye mtupu!"

Ilikuwa nzuri. Kalamu alitafuta ubovu wake kila sentensi, kama anavyokagua mshono wa fundi mwingine, akaukosa. Kilichomchoma zaidi ni kwamba hakuwa anaujua utani ule wa uji. Kulisha kulikuwa zamu ya Redio. Kumbe Baba alikuwa na jambo lake na Redio, ambalo yeye hakuwamo.

"*…na mgonjwa akishakula,*" Redio alimalizia, "*usimlaze. Mwache aendelee kuketi wima.* Basi. Hapo waliniambia niishie. Walisema kabisa, ishia pale anapokuwa ameshakula na bado ameketi wima, usigusie habari ya kulala."

Sindano aliyokuwa ameishika ilimdunga Kalamu kidole. Hakuitoa mara moja.

*Anza pale mgonjwa anapokuwa ameshakula na bado ameketi wima.*

Makala ilikuwa moja. Mtu ana kazi ya kurasa nne, anaikata katikati kama mkate, anawapa watu wawili kila mmoja nusu na kuiita jaribio. Wote anawaambia wameongoza, wote anawaambia wasubiri, na yeye anaondoka na mkate mzima. Hela ataombaje? Hela ya nini, wakati kilichotakiwa alishakipata?

"Mbona umebadilika uso, Dada?" Redio aliuliza. "Mbaya?"

"Nzuri," alisema Kalamu.

"Basi sikieni la pili. Mkataba wao hawataki mtu mwenye kazi mbili. Jumatatu naacha kazi dukani."

Hapo ndipo jambo lilipokuwa zito, kwa sababu nyumba ile ilisimama juu ya mshahara wa Redio. Cherehani ilileta ya mboga. Kodi na dawa za Mama za shinikizo la damu zilitoka kwenye ile mashine ya kopi. Na mwenye duka alikuwa mtu asiyekaa na kiti kitupu, alikuwa amekwisha kumwambia Kalamu siku moja alipokwenda kuchapisha tangazo lake la ushonaji, "Ungekuja wewe, dada yake, nisingekuwa na kelele humu ndani." Aliyasema akicheka, lakini aliyasema.

"Ngoja mkataba kwanza uuone," Kalamu alijaribu.

Mama akamkata jicho. "Umeanza."

"Nasema tu."

"Unasema kwa sababu si wewe. Ingekuwa wewe, ungekuwa umeshaacha na cherehani hiyo."

Angeweza kusema pale pale. Simu ilikuwa mfukoni mwa gauni lake. Ingetosha kuitoa na kuiweka mezani. Lakini kuitoa kulikuwa na maana ya kusema: mimi niliyewacheka nilikwenda kuomba kwa siri, kwa jina lingine, ili nimshinde mdogo wangu, na sifa ile ile nikaimeza mpaka mfupa. Na chini ya hapo kulikuwa na kitu kingine, cheusi zaidi, kilichokuwa kimekaa kimya kama paka: kiti cha nyuma ya mashine ya kopi. Redio akitoka mwenyewe kwa miguu yake, nani atalaumiwa?

Kisha Redio akamsogelea, akamwekea mkono begani. "Dada, una kazi moja. Barua ya kuacha kazi niandikie wewe. Mimi nikiandika itakuwa kama nagombana naye. Barua zako ndizo zenye heshima."

"Si wewe ndiye mwandishi?"

"Mwandishi wa makala," alisema Redio, akicheka. "Barua za nyumba hii ni zako."

Kwa hiyo Jumapili mchana Kalamu aliandika barua. Alikunja kitambaa cha meza kisiingiwe na wino, akachagua karatasi isiyo na mistari, akaandika kwa ule mwandiko wake ulioegemea kulia kidogo. Alimshukuru mwenye duka kwa malezi na uvumilivu. Aliomba radhi kwa taarifa fupi. Na akaandika sababu: *kwa kuwa nimepata kazi yenye uhakika zaidi.*

Redio alipoisoma alimbusu shavuni. "Unaona? Hata mimi natamani kujibakiza!"

Usiku ulipita. Asubuhi Redio aliondoka na bahasha mkobani, na Kalamu akaketi kwenye cherehani bila kuingiza uzi. Mama alikuwa anatoa kidonge chake kwenye pakiti, akiisukuma ile karatasi ya fedha kwa kucha. Lakini kilichomsumbua Kalamu zaidi kilikuwa neno moja. Uhakika. Alikuwa ameandika mengi katika maisha yake kwa ajili ya watu, mengine kwa kupamba, mengine kwa kufunika, ila hakuwahi kuandika uongo anaoujua kuwa uongo, kwa mwandiko wake, na kuupeleka kwa mtu mzima. Wasifu wa baba yao ulikuwa wa kweli kila mstari. Na sasa mwandiko ule ule ulikuwa njiani kwenda kumtoa mtoto wa baba huyo kazini.

Alivua tepu shingoni. "Naenda kununua uzi."

"Uzi si umejaa kwenye kopo?"

"Rangi hii haimo."

Duka la kopi lilikuwa la chumba kimoja, lenye kaunta ya mbao na harufu ya wino wa moto. Redio alikuwa amekwisha kufungua, amepanga rimu za karatasi, mashine inapashwa ikikoroma. Mwenye duka hakuwa amefika. Bahasha ilikuwa juu ya meza yake ndogo ya kona, imeegemezwa kwenye kikombe cha kalamu ili aione mara akiketi.

"Dada? Kuna nini? Mama?"

"Mama mzima. Nataka unichapie kitu." Akamtumia faili kwenye simu. "Na ile makala yako chapa pia."

"Yangu ya nini?"

"Chapa, we Redio. Kwa mara moja maishani fanya jambo bila kutangaza."

Printa ikatema kurasa, kwanza za Redio, halafu za Kalamu, zikiwa bado na joto. Kalamu akazilaza juu ya kaunta zikiwa zimefuatana, mwisho wa moja ukigusa mwanzo wa nyingine, kama anavyolaza vipande viwili vya blauzi kabla ya kuunga bega.

"Soma kuanzia mstari wako wa mwisho, uingie huku bila kusimama."

Redio akasoma. "*Mwache aendelee kuketi wima. Baada ya muda, chakula kikishatulia, mwambie kwamba sasa utamgeuza…*" Akasita. Akarudi juu, akasoma tena. "Hii nani kaandika?"

"Mimi."

"Wewe? Kwa ajili ya nani?"

Kalamu akafungua ujumbe kwenye simu yake, akauweka juu ya karatasi. Kati ya waombaji wote.

Redio aliutazama mpaka kioo cha simu kikazimika. Alipoinua uso alikuwa na hasira, lakini si kwa kampuni. "Uliomba! Ulinicheka mezani, halafu ukaenda ukaomba!"

"Niliomba."

"Ili unipokonye!"

"Ndiyo."

"Wivu wako, Dada! Mama alisema! Umetengeneza haya usiku uje uniharibie!"

"Hebu tumia akili badala ya koo! Ningejuaje kwamba umeambiwa uishie pale? Tazama tarehe ya ujumbe. Tazama maelekezo. Mimi ni mwenye wivu, sawa, niite hivyo mpaka kesho. Lakini hawa wamekukata nusu, na nusu nyingine ni mimi."

Redio akatazama tarehe. Akasoma maelekezo, ya Kalamu na ya kwake, kidole kikipita chini ya maneno. Halafu bila kusema alikwenda kwenye kompyuta ya duka, akaandika kwenye intaneti ile sentensi yake ya mfalme anayeogopa sumu, yote neno kwa neno, akabofya.

Ikatokea makala moja. Ilikuwa kwenye ukurasa mzuri wa ushauri wa afya, yenye picha ya kitanda cheupe, na chini ya kichwa cha habari jina la mtu wasiyemjua, na uso wake, mwanamume mwenye miwani anayetabasamu. Utani wa baba yao ulikuwa pale, ukisomwa na yeyote. Kitufe cha kumchangia mwandishi kilikuwa pembeni.

Redio alikaa chini. Machozi yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa karatasi ya printa, ambayo hailowi vizuri.

"Baba anaonjewa uji na mtu mwenye miwani," alisema mwishowe.

"Mtu mwenyewe huenda hayupo. Hata miwani huenda haipo."

Redio akacheka kidogo, pua imejaa. Kisha akaanza kuisoma ile makala kwenye kompyuta, polepole, na Kalamu akaegemea kaunta akisikiliza. Walipofika kwenye nusu ya Kalamu, midomo yake ilifuata maneno. Neno la mto lilikuwepo. Shuka lilikuwepo. Halafu Redio akasoma aya ya mwisho na ikaisha, na mkono wa baba yao haukuwamo. Pindo la nguo halikuwamo. Badala yake waliandika kwamba mtunzaji awe mvumilivu.

"Wamekata," alisema Redio. Akachukua kurasa zilizochapwa, akalinganisha. "Hapa palikuwa na mkono wa Baba. Wameutoa. Na hapa juu pia wamebadilisha." Akapanda na kidole mpaka kwenye nusu yake mwenyewe, akashuka nayo. "Yangu hawajaigusa," alisema. "Hata mkato."

Alijitahidi, mtu angeweza kuona anajitahidi, lakini furaha ilimponyoka pembeni mwa mdomo. Aliyeibiwa, macho bado mekundu, na bado alifurahi.

Kalamu alihisi yule tandu akitambaa tena mahali pale pale.

"Hongera," alisema. "Wamekuibia vizuri kuliko mimi."

Redio akamtazama kuona kama ni tusi au utani. Ilikuwa vyote viwili. Wakacheka mpaka Redio akajishika mbavu, na katikati ya kicheko hicho kivuli kikapita mlangoni na mwenye duka akaingia akikung'uta mwavuli.

"Asubuhi yote hii ni sherehe? Kuna nini?"

Redio aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akainyakua ile bahasha pale kwenye kikombe, akaisukuma ndani ya kurasa za makala, akaikunja yote pamoja. "Hakuna, bosi. Ni dada tu, kaja kutoa kopi."

"Na hiyo bahasha?"

"Yake pia," alisema Redio.

"Yangu," alisema Kalamu, akanyoosha mkono, akapewa.

Walipoagana mlangoni Redio alimshika kiwiko. "Jioni nitamwambia Mama ukweli. Kwamba umeniokoa."

"Utamwambia niliwajuaje?"

"Nitamwambia uliomba na wewe, ukapewa nusu…"

"Na nikasifiwa, na nikaimba siku nzima. Hapana. Mwambie umebadili mawazo."

"Atasema ni wewe umenibadili. Atakuita mwenye wivu, Dada."

"Alishaniita. Mjinga hajaniita bado."

Jioni Redio alisema alivyoambiwa, tena kwa maneno machache kuliko kawaida yake: kampuni ile ameifikiria upya, kazi ya dukani ataendelea nayo. Mama alisikiliza akikata mkate. Hakumtazama Redio. Alimtazama Kalamu, kwa muda mrefu, mpaka kisu kikasimama.

"Umeridhika?" aliuliza.

Redio alifungua mdomo. Kalamu akamkanyaga chini ya meza.

"Nisogezee sukari, Mama," alisema.

Mama aliisogeza, akichelewesha mkono. Kalamu akatia kijiko kwenye chai yake, akakoroga, akanywa. Moyoni hakuwa anafikiri juu ya Mama, wala juu ya kampuni. Alikuwa anajiuliza ile sentensi ya mkono wa Baba ilikuwa na kasoro gani, mpaka wezi wenyewe wakaiacha.